Vitu Vinne Mezani: Namna ya Kumfundisha Kula Mtoto Mwenye Usonji au Tatizo Jingine la Ukuaji

Mvulana wa miaka sita kutoka Mbagala, Dar es Salaam, alikuwa anakula vitu vinne: wali mweupe usioguswa na mchuzi, chipsi kavu, biskuti za aina moja, na chai ya maziwa kwenye kikombe chake chekundu. Ukimpa kikombe cha bluu, hanywi. Biskuti ikikatika kabla hajaishika, ameisusa. Mama yake alipomleta kwangu alikuwa hoi, kichwa kimejaa ushauri wa watu: mnyime siku mbili, njaa itamfundisha, unamdekeza huyo, mbane pua, akifungua mdomo mtie uji.

Nafanya kazi ya tiba kwa vitendo, yaani kuwafundisha watu shughuli za kila siku kama kula na kuvaa, na watoto wa aina hii, na nianze na hilo la njaa maana ndilo linaloniletea watoto waliolegea. Mtoto anayechagua chagua chakula tu, ukimpuuza atarudi sufuriani mwenyewe. Huyu wetu anaweza kushinda na kulala bila kula wala kunywa, mpaka umkimbize hospitali. Wengi wao hawaisikii njaa kama tunavyoisikia sisi, na hofu ya kilichomo kwenye sahani inaishinda hata ile njaa kidogo wanayoisikia. Kubana pua ni kubaya zaidi. Mtoto anayelia huku anamiminiwa uji anapaliwa, na uji unaoingia kwenye mapafu huleta nimonia. Hata akinusurika, keshajifunza kwamba kijiko ni adui.

Kinachofuata hapa ni tiba ya tabia, yaani kubadilisha kile kinachotokea kabla na baada ya mtoto kukataa. Inafanyika nyumbani, kwa vyombo vya nyumbani, ila ina utaratibu wake.

Kwa nini anakataa

Tatizo si geni. Mwaka 1943, Leo Kanner alipoandika kule Marekani kuhusu watoto 11 waliokuwa wa kwanza kuelezwa kitaalamu kuwa na usonji, kadhaa kati yao walikuwa wanakataa chakula tangu uchanga. Uchambuzi wa tafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulikuta kwamba uwezekano wa mtoto mwenye usonji kuwa na tatizo la kula ni mara tano ukilinganisha na wenzake, na kwamba watoto hawa hupata protini na kalisi pungufu. Mwaka 2019 wataalamu wa fani mbalimbali walikubaliana kwamba tatizo la kula la mtoto litazamwe pande nne: ugonjwa, lishe, ufundi wa kutafuna na kumeza, na mwisho tabia pamoja na mazingira ya nyumbani. Mimi hulichukulia kama kitanda chenye miguu minne. Kikiyumba, unakagua miguu yote, huanzi kupigilia misumari kwenye ule ulio karibu nawe.

Upande wa tabia unafanya kazi hivi. Sahani inawekwa. Mtoto analia, anageuza uso, anatupa kijiko. Mama anaiondoa sahani, analeta biskuti. Kwa mtoto, kilio kimelipa mara mbili: kitisho kimeondoka na biskuti imekuja. Kwa mama pia kuna malipo, maana kelele zimekwisha na angalau mtoto ana kitu tumboni. Kesho wote wawili watarudia. Hakuna mwenye kosa hapo. Kila mmoja amemfundisha mwenzake bila kujua, na kilichofundishwa kinaweza kufundishwa upya.

Hatua ya kwanza: mwili kabla ya tabia

Usianze mazoezi yoyote kabla daktari hajamwona. Nasisitiza kwa sababu nimeshamtengenezea mtoto mpango mzuri wa wiki tatu, tukahangaika, kumbe alikuwa na magego mawili yaliyooza. Aling'olewa, akaanza kula wiki ileile. Mpango wangu haukuwa na kazi.

Mwombe daktari aangalie meno na ufizi, kiungulia na kutapika, na choo. Kufunga choo ni kwingi mno kwa watoto hawa, na tumbo lililojaa kinyesi kigumu halina hamu ya kula. Mwambie dawa anazotumia: methylphenidate inayotolewa kwa watoto wasiotulia hupunguza hamu ya kula, na risperidone huiongeza. Omba apimwe wingi wa damu na minyoo.

Mpime uzito na urefu, uviandike kwenye kadi ya kliniki. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, mzunguko wa mkono chini ya sentimita 11.5 ni utapiamlo mkali, na kati ya 11.5 na 12.5 ni wa kadiri. Huyo anahitaji matibabu ya lishe kwanza. Lakini usidanganyike na mtoto aliyenenepa. Wali, chipsi na biskuti vinanenepesha vizuri tu huku damu ikipungua. Kuna watoto wenye usonji, hata katika nchi tajiri, waliopata kiseyeye kwa kukosa vitamini C: mtoto anaanza kuchechemea, anakataa kutembea, ufizi unavimba na kutoka damu, na madaktari wanahangaika na mifupa kabla mtu hajauliza anakula nini. Wengine wamepoteza uwezo wa kuona kwa kukosa vitamini A.

Yapo mambo ambayo ukiyaona unasitisha kila kitu na kwenda hospitali: anakohoa au kupaliwa kila mara anapokula au kunywa, sauti inakuwa kama ina maji kooni baada ya kumeza, anapata nimonia za mara kwa mara, uzito unashuka, au ameacha ghafla vyakula alivyokuwa anavila. Mtoto wa namna hiyo huenda chakula kinaingia njia ya hewa, na wengine kinaingia bila hata kukohoa. Huyo hafundishwi kwa tuzo, anapimwa umezaji.

Mtaalamu wa kumtafuta ni wa tiba kwa vitendo, au wa tiba ya usemi kama yupo, maana hao wa pili ni wachache sana kwetu. Chuo cha KCMC kule Moshi kinafundisha wataalamu wa tiba kwa vitendo, na Kenya chuo cha mafunzo ya tiba cha KMTC kinafundisha pia, kwa hiyo ulizia kwenye hospitali ya mkoa au ya rufaa iliyo karibu nawe. Omba na mtu wa lishe akupe vitamini za matone au unga wakati mazoezi yanaendelea. Mazoezi huchukua miezi, na damu haisubiri.

Hatua ya pili: daftari la siku saba

Kwa wiki moja usibadilishe chochote. Andika tu. Saa ngapi alikula, alikaa wapi, nani alimlisha, alipewa nini, alikula kiasi gani, alipokataa alifanya nini, na wewe ulifanya nini baada ya hapo. Hiyo safu ya mwisho wazazi wengi huiruka kwa aibu, nayo ndiyo ninayoisoma kwanza.

Daftari la mama wa Mbagala lilikuwa la shule, la kurasa 40, na kalamu imeloana mchuzi. Lilionesha mambo mawili ambayo yeye mwenyewe hakuyajua. La kwanza, mtoto alikuwa anakunywa chai ya maziwa vikombe sita kwa siku, vingine saa kumi na moja jioni, kisha saa moja usiku anaitwa kula. Alikuwa ameshiba. Tena chai inayonywewa pamoja na chakula hupunguza madini ya chuma yanayoingia mwilini. La pili, kwa baba yake alikuwa anakataa kwa dakika mbili tu, ila kwa bibi alikataa mpaka nusu saa. Baba alikuwa hamwongezi kitu. Bibi alikuwa na biskuti kwenye pindo la kanga.

Mwishoni mwa wiki chora orodha tatu: anavyokula kila siku, anavyokula kwa nadra au alivyowahi kula zamani, na asivyogusa kabisa. Tazama orodha ya kwanza kwa makini. Vina rangi gani? Vikavu au vyenye majimaji? Vinalia mdomoni au vinateleza? Huyu mvulana wetu vyakula vyake vyote vilikuwa vyeupe au vya kahawia hafifu, vikavu, na havikubadilika sura. Mchicha una nyuzi, unateleza, na kila siku una sura mpya. Kwa ulimi wake ni kitu kisichotabirika.

Hatua ya tatu: saa na mahali

Milo mitatu na vitafunwa mara mbili, pengo la saa mbili na nusu hadi tatu kati yake. Katikati ni maji tu. Hakuna chai ya kupitisha muda, juisi ya boksi, wala biskuti ya kumnyamazisha kwenye daladala. Mlo usizidi dakika 30, ukiisha vyombo vinaondolewa bila hotuba. Kwa watoto wengi hii peke yake huleta njaa kidogo, na njaa kidogo yenye ratiba ni tofauti kabisa na kunyimwa chakula. Kila mlo lazima uwe na angalau kitu kimoja anachokila tayari, ili asiondoke na tumbo tupu.

Akae. Mkekani sawa, kwenye kiti sawa, mradi pawe palepale, miguu ikanyage kitu. Mtoto anayening'iniza miguu anatumia nguvu zake zote kujishikilia asianguke. Kreti ya soda iliyogeuzwa inatosha.

Hatua ya nne: tafuta kitu anachokipenda kweli

Tuzo inapimwa kwa mtoto, haipimwi kwa mzazi. “Hongera mwanangu!” ina uzito kwa watoto wengi, lakini kwa baadhi ya watoto wenye usonji ni kelele tu. Mwache huru nusu saa uone anachokimbilia. Mmoja alipenda kuzungusha kifuniko cha sufuria sakafuni, mwingine kumwagiwa mchele juu ya vidole. Huyu wa Mbagala alikuwa anapenda video za mabasi ya mikoani yakitoka stendi, hasa pale dereva anapopiga honi.

Kitu hicho kifungie. Kisipatikane wakati mwingine wowote, kipatikane kwenye mazoezi pekee, na kwa vipande vidogo: sekunde 20 za video, kisha simu inarudi mfukoni kwako. Na kije papo hapo. Tuzo inayokuja jioni kwa kazi ya asubuhi, mtoto huyu haioanishi na chochote. Mtoto mkubwa kidogo unaweza kumkusanyisha vizibo vya soda, vitano kwa zawadi moja, lakini anza na malipo ya papo hapo.

Tofautisha tuzo na hongo, maana baba wengi huniuliza. Hongo hutolewa katikati ya kilio ili kilio kikome. Tuzo imetangazwa mapema na inakuja baada ya kazi.

Hatua ya tano: ukubwa wa punje ya mchele

Mazoezi usiyafanye kwenye mlo mkuu. Weka kikao chake pembeni, dakika tano hadi kumi, mara moja au mbili kwa siku, saa ambayo hajashiba na hajachoka.

Chagua chakula kimoja tu, tena jirani wa kile anachokila. Kwa mvulana anayekula chipsi tulichagua kiazi kitamu cha kukaanga, kimekatwa umbo lilelile la chipsi. Mama alitaka tuanze na maharage kwa sababu yana lishe. Nilimwambia, “Mama, maharage yatakuja. Wiki hizi hatumlishi, tunamfundisha kwamba kitu kipya hakiumi.”

Halafu punguza kazi mpaka iwe ndogo kiasi kwamba hawezi kushindwa. Ngazi ninayoitumia ni hii: kivumilie kiwe mezani, kiwe kwenye sahani yako, kiguse kwa kidole, kinuse, kiguse mdomo, kilambe, king'ate uteme, kitafune, kimeze kipande cha ukubwa wa punje ya mchele, kisha punje mbili, kisha nusu kijiko. Wapo wanaopanda ngazi tatu kwa kikao kimoja. Wapo wanaokaa kwenye kunusa wiki mbili.

Siku ya kwanza ilikuwa hivi. Kibao cha kukatia mboga, juu yake kipande kimoja cha kiazi kitamu. Kadi mbili za karatasi ya boksi: kushoto picha ya kidole, kulia picha ya basi. Mama akasema mara moja, kwa sauti ya kawaida: “Kwanza gusa, halafu basi.” Akanyamaza. Mtoto akageuza uso. Mama akahesabu kimoyomoyo hadi kumi, akasema tena maneno yaleyale. Mtoto akasukuma kibao. Mama akakirudisha, hakusema kitu. Dakika ya tatu kidole kilipita juu ya kiazi haraka kama mtu anayepima pasi kama imepata moto. Papo hapo: “Umegusa!” na video ikawaka. Sekunde 20. Simu mfukoni. Tulirudia mara tano, kikao kikaisha. Mama aliniangalia kama anayedhani nimemtania, amepanda daladala mbili kuja kuona mwanawe anagusa kiazi.

Kanuni yangu ya kupanda ngazi: akifanya mara nne kati ya tano, vikao vitatu mfululizo, panda. Akishindwa vikao viwili, shuka ngazi moja bila kuona haya. Andika kila jaribio kwa alama ya tiki au msalaba, kwa sababu kumbukumbu ya mzazi aliyechoka haiaminiki. Ataapa hakuna kilichobadilika wakati daftari linaonesha kwamba mtoto ametoka kugusa hadi kulamba. Mtoto yeyote huhitaji kuonja chakula kipya mara nane, kumi, hata kumi na tano kabla ya kukikubali, na hawa wetu mara nyingi zaidi.

Hatua ya sita: kutoka chakula hadi jirani yake

Kiazi kitamu kikishakubalika, unahama kidogo kidogo, ukibadilisha jambo moja tu kwa wakati. Kiazi kitamu cha kukaanga kinakwenda kwenye muhogo wa kukaanga, muhogo wa kukaanga kwenye ndizi mbichi ya kukaanga, kisha ndizi iliyochemshwa na kupitishwa kwenye mafuta, kisha iliyochemshwa tu. Wali mweupe unaanza kwa wali wa tui jepesi la nazi, kisha tui zito. Kwenye kijiko cha wali unadondosha tone moja la mchuzi wa dengu pembeni, siyo katikati. Wiki ijayo matone mawili. Chapati nyeupe unaweza kuipikia unga wa atta kijiko kimoja ndani ya vikombe viwili, ukaongeza kila baada ya siku kadhaa.

Hapa nikiri kosa langu. Mwanzoni mwa kazi nilimshauri mama mmoja asage mchicha laini kabisa auchanganye kwenye wali bila kumwambia mtoto. Mtoto alikula vijiko viwili, akasimama, akachungulia sahani. Kuanzia siku hiyo wali ukatoka kwenye orodha. Chakula alichokiamini kimemsaliti, na ilituchukua zaidi ya wiki tatu kuurudisha. Mtoto mwenye vyakula vinne hawezi kumudu kupoteza kimoja. Siku hizi mabadiliko nayafanya mbele ya macho yake: aone tone likidondoshwa. Na chakula chake anachokiamini siku zote kinabaki sahani nyingine, hakijaguswa.

Akikataa

Atakataa. Uso wako usibadilike, usimbembeleze, usimfokee, usimweleze faida za mboga. Maneno mengi nayo ni umakini, na umakini ni malipo. Akitupa, okota bila kusema, weka kingine. Akionesha kichefuchefu kwa kuona tu chakula, mpe muda atulie, mfute mdomo, kisha rudi na kipande kidogo zaidi. Kikao kiishe kwa jambo analoliweza, hata kama ni kukitazama kiazi sekunde tatu. Asikimalize kwa kilio.

Jua pia kwamba mambo yatazidi kabla ya kupungua. Umeme ukikatika wewe mwenyewe unabonyeza swichi mara tatu nne kabla ya kukubali. Mtoto aliyezoea kwamba kilio kinaondoa sahani, siku kisipoiondoa atabonyeza kwa nguvu zaidi. Ukistahimili dakika 12 kisha ukasalimu amri, umemfundisha kwamba bei ni dakika 12. Ndiyo maana kazi iwe ndogo tangu mwanzo: omba kile tu ambacho uko tayari kukisubiri.

Kuna mbinu moja sharti niitaje kwa sababu utakutana nayo ukisoma. Katika kliniki maalumu, kama ile ya Kennedy Krieger huko Baltimore, kwa watoto wanaokataa karibu kila kitu mtaalamu hushikilia kijiko karibu na mdomo bila kukiondoa mpaka mtoto akubali, bila kumlazimisha kufungua. Tafiti zimeonesha mara kwa mara kwamba kwa kukataa kukali tuzo peke yake haitoshi mpaka hili liongezwe. Ni kweli, na bado nakuambia usilifanye nyumbani kwa kusoma. Hufanywa na watu waliofunzwa, daktari akiwa jirani, umezaji umeshapimwa. Mikononi mwa mtu mwenye hasira, hatua moja tu nalo limegeuka kuwa kubana pua.

Anayeficha chakula shavuni, anayekula udongo

Mtoto anayeweka chakula shavuni na kukimumunya nusu saa, mara nyingi hawezi kutafuna kiasi hicho. Rudi kwenye ulaini wa chini: kilichopondwa, kisha chenye vibonge, kisha vipande laini. Mchuzi mwepesi wenye vipande ndani ndio mgumu kuliko vyote, maana mdomo unatakiwa kumeza na kutafuna kwa wakati mmoja. Kagua mashavu kabla hajainuka. Asilale na chakula mdomoni.

Anayekula udongo, mkaa, chokaa au sponji apimwe damu na minyoo, na ikiwezekana madini ya risasi. Mara nyingi anatafuta mlio wa kutafuna, kwa hiyo mpe karanga za kukaanga kama ana uwezo wa kuzitafuna na ana zaidi ya miaka mitano, au kaukau. Mtuze anapokukabidhi udongo badala ya kuumeza. Kumpiga kofi la mkono kunamfundisha kula kwa siri tu.

Kuhusu lishe ya kuondoa ngano na maziwa inayouzwa kama dawa ya usonji: ushahidi wake ni dhaifu. Kama hana mzio uliothibitishwa, usimwondolee mtoto huyu biskuti na chai, utambakishia vitu viwili.

Mtindio wa ubongo na Down

Hapa tuzo zinakuja mwisho, mkao unatangulia. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo, yaani ambaye ubongo wake uliumia mapema na kuvuruga misuli na mkao, asilishwe amelala chali mapajani. Nyonga, magoti na vifundo vya miguu vikunjwe kama kwenye kiti, kichwa kiinamie mbele kidogo, kanga zilizoviringishwa zimshike pande zote mbili. Kijiko kitokee mbele, usawa wa mdomo au chini yake, kwa sababu kikitokea juu atainua kidevu na njia ya hewa itafunguka. Subiri ameze ndipo ulete kingine. Mlo ukichukua saa nzima na uzito haupandi, zungumza na daktari kuhusu mrija wa tumboni. Wazazi huliona kama kushindwa. Nimewaona watoto walioanza kufurahia kuonja baada ya mrija, kwa sababu mdomo haukuwa tena na kazi ya kuwaweka hai.

Mtoto mwenye Down, yaani aliyezaliwa na kromosomu moja ya ziada, misuli yake ya mdomo ni milegevu na meno huchelewa, hivyo huchelewa pia kutafuna. Apimwe moyo na tezi ya thairoidi kabla ya kuitwa mvivu wa kula.

Bibi, dada na mwalimu

Mpango unaofuatwa na mtu mmoja ndani ya nyumba ya watu sita haufiki mwezi. Nilikwenda nyumbani Mbagala Jumamosi moja, bibi akanipokea mlangoni.

“Shikamoo bibi.”

“Marahaba. Wewe ndiye unayesema mjukuu wangu anyimwe biskuti? Mtamuua na njaa, mwanangu.”

Sikubishana naye. Nilimwomba akae kwenye kikao, na kazi ya kuwasha video nikamkabidhi yeye. Kiazi kikigusa ulimi, bibi ndiye anatoa basi. Baada ya siku nne alikuwa mkali kuliko sisi wote: “Hapana, hajalamba huyo, nimemwona.” Biskuti za pindo zikahamia kwenye kopo lenye saa yake.

Dada wa kazi mfundishe kwa kumwonesha, kisha mtazame akifanya. Mwalimu mwandikie sentensi tatu tu kwenye daftari: anakula nini, tunafundisha nini sasa, usimlazimishe. Kwenye shughuli zenye watu wengi, futari au harusi, usifanye mazoezi. Beba sahani yake, ale anachokijua, mrudi nyumbani salama.

Miezi inayofuata

Kiazi kitamu kilichukua wiki tano. Muhogo ulichukua siku tisa. Huwa hivyo, cha kwanza ndicho kinachokula muda, maana kinachofundishwa pale ni kujaribu, kuliko hata kiazi chenyewe. Kuanzia hapo refusha tuzo polepole: video baada ya matonge mawili, matatu, kisha baada ya mlo, kisha siku nyingine bila video. Chakula kilichokwisha kukubalika kirudi mezani angalau mara mbili kwa wiki, la sivyo kitasahaulika. Akiugua malaria au mafua atarudi nyuma. Shuka ngazi mbili, uanze pale. Uzito mpime kila mwezi. Ukishuka, au miezi miwili ikipita bila ngazi hata moja, rudi kwa daktari mkague upya ile miguu minne.

Baada ya miezi tisa ya mazoezi orodha ya yule mvulana ilikuwa na vyakula 14, dengu zikiwemo, na dagaa ikiwa kavu na haina kichwa. Mchicha hatujafika. Kikombe chekundu hatukukigusa kabisa. Mama alinunua vingine viwili vya aina hiyohiyo, kimoja kiko kwa bibi na kingine shuleni.